Vipele vya Likizo: Muwasho, Kidonda na Homa

Mtu afanyaye kazi mjini Nairobi huenda likizo kwao, karibu na Ziwa Victoria. Jioni huketi nje akizungumza na wazee, na usiku hulala pasipo chandarua. Baada ya majuma mawili hurudi kazini akiwa mzima. Siku ya pili, vipele alivyokwisha kuvisahau miguuni huvimba na kuwasha upya. Hudhani ya kuwa ni uchovu wa safari au maji ya mjini. Sivyo. Jambo hili laweza kuwa dogo, tena laweza kuwa kubwa. Basi yafaa tujifunze kulipambanua.

Mbu anapouma hutia mate yake katika ngozi ili damu isigande. Mwili huyakataa mate hayo, na vita hivyo ndivyo viletavyo uvimbe na muwasho. Kwa wengine uvimbe hutokea mara moja. Kwa wengine hutokea baada ya siku moja au mbili. Hata kipele kilichotulia huamka tena kikikunwa usingizini au kikisuguliwa na soksi. Aliyekaa mjini miaka mingi huenda akavimba kuliko ndugu zake wa shamba, kwa maana mwili wake umeacha kuyazoea mate hayo.

Tiba ya kipele kitupu ni nyepesi. Kioshe kwa maji na sabuni, kisha ukikandamize kwa kitambaa safi kilicholowa maji baridi kwa muda wa dakika 10. Kata kucha fupi, hasa za watoto. Muwasho ukizidi, mwuza dawa aweza kukupa dawa ya kuutuliza. Usipake mafuta ya taa, majivu wala samadi. Vitu hivyo huunguza ngozi au huingiza uchafu.

Hatari ya kwanza i katika kucha. Ngozi ikichubuka, vijidudu vya uchafu huingia na kipele huwa kidonda. Ukiona wekundu au weusi unaenea, chora mstari kwa kalamu kuuzunguka. Ukiuvuka mstari huo, au kidonda kikitoa usaha, kikiwa cha moto na chenye maumivu, au mtoki ukitokea, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Hatari ya pili haionekani katika ngozi. Mwaka 1897, huko Bara Hindi, daktari Ronald Ross alivumbua vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Vijidudu hivyo vikiingia mwilini hujificha kwanza, na mara nyingi homa huanza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa. Kwa hiyo mtu huumwa na mbu ziwani, akaja kuugulia Nairobi, mji ulioinuka karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako malaria si nyingi. Jirani humwambia ni mafua, naye hungoja. Kungoja huko kumewaua watu. Tena aliyekaa mjini siku nyingi hupungukiwa na nguvu za kuipinga malaria, hata kama alizaliwa penye mbu.

Basi, ukipata homa, baridi, kuumwa na kichwa au kutapika baada ya safari, usibahatishe dawa. Nenda ukapimwe damu, na umwambie mganga ulikokwenda na siku uliyorudi. Ukipewa dawa, imalize yote, hata ukijiona umepona. Watoto wadogo na wanawake wajawazito wasicheleweshwe hata usiku mmoja.

Utakapokwenda likizo tena, tia chandarua katika mzigo wako kabla ya zawadi, na jioni vaa nguo zinazofunika mikono na miguu. Wazee husema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.