Duriani Linataka Maneno Yake: Mafunzo Niliyopata

Kazi yangu ni kutembeza wageni katika mashamba ya viungo ya Unguja, upande wa Kizimbani na Kidichi. Mdalasini haunipi taabu: nakwangua gome, mgeni ananusa, anatabasamu, tunasonga mbele. Iliki, karafuu na mchaichai vinajieleza vyenyewe. Duriani ndilo linalodai maneno. Mgeni husikia harufu yake kabla hajaliona, hukunja uso, kisha huuliza likoje mdomoni. Swali hilo limenifunza mengi, na kwa kuwa nalipenda sana tunda hili, nataka lielezwe kwa haki.

1. Taja ukoo wake kabla ya harufu yake

Wengi wanaotoka bara, wakilikuta duriani sokoni Darajani kwa mara ya kwanza, huliita fenesi. Kwa mbali yanashabihiana. Lakini fenesi lina vipele butu na ulimbo unaoganda kwenye kisu, na duriani lina miiba migumu inayotoboa kiganja, wala halina ulimbo hata tone. Jamaa zake ni wengine kabisa: mbuyu, msufi, mpamba, mbamia na mkakao. Asili yake ni misitu ya Borneo na Sumatra. Huko maua yake hufunguka jioni, na popo huja kunywa nekta na kuyachavusha, kama wanavyofanya kwenye mbuyu na msufi wa kwetu.

Asili hiyo ya msituni ina maana kwa pua. Duriani likiiva hudondoka lenyewe, na harufu yake hupenya msituni kuwaita wanyama waje wale na kuzisambaza kokwa. Tembo na orangutani huitikia. Mgeni akilijua hilo haoni tena kwamba tunda limeoza. Anajua kuwa linaita.

2. Uliza limedondoka lini

Kuna bibi mmoja, muuza matunda njiani, aliyenipa somo hili kwa sentensi mbili. Nilimsalimu, nikainama kulinusa duriani lililokuwa mbele yake, nikamuuliza kama harufu yake ni kali. Akanijibu: "Mwanangu, usiniulize linanuka vipi. Niulize limeanguka lini."

Duriani bichi halina harufu ya kutajika. Likidondoka alfajiri, asubuhi ile linanukia utamu zaidi, na ukali uko mbali nyuma yake. Kufika jioni ukali umepanda. Kesho yake ganda huanza kupasuka kwenye mishono, na hapo ndipo nyumba ya pili hujua kuna nini kwa jirani. Likipita hapo, nyama hulegea, huingia uchachu, na kwa maoni yangu raha imekwisha, ingawa wapo wanaolitaka hivyo hivyo.

Ndiyo maana watu wawili wanaweza kulieleza duriani kwa maneno yanayopingana na wote wakawa wakweli. Nchini Malaysia wengi husubiri lianguke lenyewe, na nchini Thailand hukatwa mtini kabla halijadondoka, kwa hiyo hata mataifa mawili yaliyolizoea hayanusi kitu kile kile. Aina nazo ni nyingi. Musang King ya Malaysia ina nyama ya manjano iliyoiva na uchungu kidogo, na Monthong ya Thailand ni nene, tamu na pole zaidi. Miti mingi ya kwetu imeota kwa kokwa, na mti wa kokwa haufuati mama yake sawasawa, kwa hiyo kila mti una tabia yake. Siku hizi sielezi duriani kwa jumla. Naeleza hili lililo mbele yetu, la mti huu, la asubuhi hii.

3. Anayesema "gesi" hajakosea

Wageni wengi, hasa wa Ulaya, husema linanuka gesi inayovuja. Wenzangu kazini hucheka. Mimi huwaambia wageni kwamba pua zao zimefanya kazi vizuri. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu, na huchanganywa na kitu chenye mnuko mkali ili ikivuja watu wajue. Kitu kinachotumika sana kwenye gesi ya mitungi ni ethanithioli, yenye salfa ndani yake, na hiyo hiyo imo katika harufu ya duriani. Mwaka 2018 maktaba ya Chuo Kikuu cha RMIT, mjini Melbourne, iliondolewa watu wote kwa hofu ya gesi. Zimamoto walipopekua walikuta duriani lililooza kabatini.

Lakini gesi ni nusu tu ya habari. Watafiti wa Ujerumani waliochunguza Monthong walikuta zaidi ya viambato 40 vyenye harufu, na mwaka 2017 wakaonyesha kwamba viwili peke yake vinatosha kuiga harufu ya nyama ya duriani: kimoja chanukia matunda, kingine chanuka kitunguu kilichochomwa. Habari hiyo ilinifurahisha mno, maana ilithibitisha jambo ambalo pua yangu ilikuwa ikilijua. Utamu na ukali wa duriani havipokezani zamu. Vinakuja pamoja, katika pumzi moja. Anayesema "linanuka, lakini ni tamu" amelikata tunda vipande viwili ambavyo havipo. Maelezo ya haki hubeba vyote viwili katika sentensi moja, bila "lakini" katikati.

4. Mfano mmoja unatosha

Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alilisifu duriani kwa moyo wote katika kitabu chake cha mwaka 1869 kuhusu visiwa vya Malay. Alitaja kastadi, lozi, jibini, mchuzi wa kitunguu na mvinyo wa sheri. Msomaji wake wa London aliviona vyote hivyo mezani kwake. Mtoto wa Makunduchi hana hata viwili, na hata aliyevionja vyote akivipanga pamoja hapati tunda, anapata orodha ya vyakula vinavyogombana.

Mimi nimebaki na mfano mmoja, na nautumia kwa watu wa hapa tu: vitunguu vya biriani. Si vibichi. Ni vile vilivyokaangwa taratibu mpaka vikawa vya kahawia, vikatoa sukari yake, vikang'aa mafuta. Utamu, mafuta na harufu ya kitunguu vimeshikana humo na havitenganiki. Kila aliyekulia kwenye nyumba za Waswahili huelewa papo hapo. Mgeni asiyeijua biriani namtafutia mfano wake, na kabla sijamtafutia namuuliza kwao wanapika nini.

5. Bana pua, kisha iachie

Kwa anayeogopa nina jaribio. Abane pua, aweke kipande mdomoni, atafune taratibu. Atapata utamu, ulaini wa mafuta, pengine uchungu kidogo pembeni mwa ulimi. Basi. Kisha aachie pua huku kipande bado kiko mdomoni. Duriani zima hufika wakati huo, likipanda puani kwa njia ya nyuma ya koo. Nimeona watu wazima wakifumbua macho kwa mshangao, kwa sababu harufu iliyowafukuza nje, mdomoni imegeuka kuwa ladha.

Jaribio lifanyike mapema. Pua huzoea haraka: ukikaa na duriani ndani ya gari, baada ya muda hulisikii tena, na anayeingia ndiye anayepiga kelele. Anayetaka kuieleza harufu na aandike maneno yake kabla hajazoea.

6. Fuata mwendo wa ulimi

Ganda huwa na vyumba vitano kwa kawaida, na kila chumba kina vipande vya nyama vilivyofunika kokwa. Kipande kizuri kina ngozi nyembamba kavu. Kidole kikikibonyeza hubonyea na kuacha alama. Mdomoni ngozi ile hupasuka, na ndani ni uji mzito usio na maji, unaoganda kwenye kaakaa. Gramu 100 za nyama hiyo zina mafuta yapatayo gramu 5, mengi kwa tunda, na ndiyo yanayoipa ule ulaini. Halina ugwadu wa embe wala ukakasi wa bibo. Utamu hutangulia, salfa ikiwa imeukumbatia, na uchungu huja mwishoni, kooni, kama tunda limeiva sawasawa.

7. Asiyetaka aachwe

Singapore, nchi inayolipenda duriani kuliko nyingi, imelipiga marufuku ndani ya treni zake. Naona hilo ni adabu njema. Inaniudhi kuona mgeni akilazimishwa kula ili achukuliwe video akikunja uso. Anadhalilishwa yeye, na tunda linageuzwa kichekesho, wakati kuna mkulima aliyengoja miaka mpaka mti wake uzae.

8. Kumeza si mwisho

Wanaoeleza duriani wengi huishia kooni, ilhali tunda bado linaendelea. Vidole hubaki na harufu hata baada ya sabuni. Malaysia wana desturi ya kumimina maji ndani ya ganda na kunawia humo, nami nimeiga. Kisha kuna mbweu. Hiyo hurudi saa kadhaa baadaye, na kilichorudi ni kitunguu zaidi kuliko utamu. Kwa hiyo namwambia mgeni kabla hajaonja: ukila sasa, saa nne asubuhi, kufika magharibi bado utalisikia. Wapo wanaorudisha mkono hapo hapo. Wengine huniuliza kama wanaweza kubeba kipande kimoja hotelini, na hao huwaambia wale hapa hapa shambani, tuna nafasi na maji ya kutosha.