Fagia Kabla Hujajiuliza Kama Umechoka

SOMO LA WIKI
Tusome: 2 Wafalme 4:8–13; Luka 10:38–42; Yohana 13:3–5



Leo naanza kwa kujikosoa mwenyewe. Mwaka jana, wakati wa mvua, mama mmoja wa kanisa letu alibisha hodi kwangu jioni. Ndani kulikuwa na nguo za siku tatu juu ya makochi, vyombo vimejaa kwenye karai, na matope ya gamboti zangu kutoka mlangoni hadi jikoni. Mke wangu alikuwa bado kazini. Nikatoka nje, nikavuta mlango nyuma yangu, nikamwambia, "Mama, tuonane kesho kanisani." Mvua ilikuwa inanyesha. Akasema, "Haya Pastor, asante," akaenda.

Kesho yake hakuja. Jumapili pia hakuja. Baadaye nikaja kujua kwamba mume wake alikuwa ameachishwa kazi ya kuchuna chai baada ya mashine kuletwa shambani. Jioni ile alitaka tu mtu wa kuomba naye. Na mimi wiki hiyo hiyo nilikuwa nimehubiri juu ya ukarimu!

Sikumrudisha kwa kukosa upendo. Nilimrudisha kwa aibu ya nyumba yangu. Kwa hivyo usafi wa nyumba si jambo dogo la akina mama peke yao. Ni jambo la huduma. Tujifunze mambo matatu.

1. Usingoje hamu, fuata mzunguko

Nilisomea biashara chuo kikuu. Huko tulifundishwa kwamba mtu hupata bidii akilipwa, akisifiwa, au akiona kazi yake imesimama. Kazi ya nyumba inakosa yote matatu. Unapiga deki asubuhi, saa nane mvua inashuka, watoto wanatoka shule na matope yao, na hakuna wa kukwambia kongoi. Ukingoja uwe na hamu, utangoja sana.

Lakini sisi ni watu wa chai, hili tunalijua. Kila baada ya wiki moja au mbili unarudi kwenye mche ule ule, unachuna majani mawili na chipukizi. Ukiruka mizunguko miwili majani yanakomaa, karani anayakataa kituoni, na kuirudisha ile meza ya chai iwe sawa ni kazi maradufu. Sijasikia mkulima akilalamika ati, "Si nilichuna juzi, mbona yameota tena?" Kuota tena ndiyo dalili kwamba shamba liko hai. Hata nyumba ni hivyo. Ikichafuka tena, jua kuna watu wanaoishi ndani. Mshukuru Mungu, chukua ufagio.

Viwanda vingi hufuata utaratibu wa Kijapani unaoitwa 5S: kuchambua, kupanga, kusafisha, kuweka kanuni, na nidhamu ya kudumisha. Angalia, kusafisha ni hatua ya tatu. Kwanza unatoa kile usichohitaji, halafu kila kilichobaki unakipa mahali pake. Wengi wetu tunachoka kwa sababu kila siku tunahamisha vitu ambavyo vingepaswa kutoka kabisa.

2. Mgeni anahitaji vitu vichache

Yule mama wa Shunemu alikuwa na uwezo. Lakini chumba alichomwandalia Elisha kilikuwa kidogo, na ndani kulikuwa na vitu vinne tu: kitanda, meza, kiti na taa. Tena alipoulizwa afanyiwe nini kama shukrani, hakuomba kitu. Hakuwa anawekeza ili apate faida.

Kuna mtu hapa anasema, "Nitakaribisha watu bonasi ya chai ikiingia, ninunue seti mpya ya makochi." Ndugu yangu, bonasi huja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine inakuja imekonda. Mgeni anataka mahali pa kukaa, kikombe kisafi, na uso unaomfurahia. Nyumba ya udongo iliyokandikwa vizuri inakaribisha kuliko ya mawe ambayo mlango wake haufunguki.

3. Wanaume, chukueni taulo

Tunapenda kumlaumu Martha. Lakini sikiliza malalamiko yake: alikuwa ameachwa atumike peke yake. Yesu hakumkemea kwa kufanya kazi, alimwonyesha kwamba mahangaiko yalikuwa yamemzidi. Akina mama wangapi wanakosa lile fungu jema la Mariamu kwa sababu baba na vijana wamekaa wanangoja chai?

Yesu alijua kwamba Baba ameweka vyote mikononi mwake, na bado alijifunga taulo akaosha miguu. Kama Bwana aliosha miguu, mimi ni nani nishindwe kuosha sufuria? Siku hizi zamu ya vyombo vya jioni ni yangu. Siku za kwanza kijana wangu alinishangaa. Sasa anasuuza.

Nilivyokaribishwa

Baada ya wiki tatu nilienda kumtafuta yule mama. Anakaa kwenye laini za shamba, chumba kimoja, pazia linatenga kitanda. Sakafu ilikuwa imefagiwa na kibuyu cha mursik kimetundikwa ukutani. Alifuta kigoda kwa leso yake akanipa, kisha akanimiminia chai. Mtu niliyemwacha kwenye mvua!

Nikamwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ilikuwa imeniuma, Pastor. Lakini karibu." Tukaomba, yeye, mume wake na mimi. Nikamuuliza anawezaje kuwa na bidii hivi katika shida. Akacheka. "Mimi hufagia kabla sijajiuliza kama nimechoka. Nikijiuliza kwanza, jibu nalijua."

Zoezi la wiki hii

Toa nyumbani vitu vitano usivyohitaji, na vile vinavyofaa mpe mwenye haja. Chagua kazi moja ya dakika 15 uifanye kila siku saa ile ile. Kisha alika jirani mmoja kwa chai, hata kama nguo hazijakunjwa.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

Ni nani umewahi kumzuia mlangoni kwa sababu ya aibu? Nani kwenu anatumika peke yake? Utamsaidia kazi gani kuanzia leo?

Tuombe

Bwana, nyumba hii ni yako. Tupe mikono ya kuitunza bila kunung'unika, na moyo wa kufungua mlango mtu akibisha. Kwa jina la Yesu. Amina.