Wakati Kama Ishara Katika Habari za Magazeti

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward T. Hall, katika kitabu chake The Silent Language cha mwaka 1959, alieleza kwamba wakati nao ni lugha: kuchelewa, kungoja na kunyamaza huwa na maana kama yalivyo maneno. Mwandishi wa gazeti hana njia ya kumsikilizisha msomaji sauti ya mtu aliyehojiwa. Kwa hiyo ishara hizo zisizo za maneno huzitia katika kauli za wakati.

Zichukuliwe sentensi mbili za mfano. "Meneja wa kiwanda alisema hajui fedha zilipo." "Baada ya kimya cha dakika nzima, meneja wa kiwanda alisema hajui fedha zilipo." Maneno ya meneja hayakubadilika hata herufi moja, lakini katika sentensi ya pili msomaji amekwisha kumwona akiinamisha kichwa, na pengine amekwisha kumhukumu. Wala haijulikani kama kimya kile kilikuwa cha hofu, au cha mtu aliyekuwa akipekua daftari.

Nzito zaidi ni kauli ya "hadi tunakwenda mitamboni", ambayo huambatana na habari kwamba mhusika hakupatikana. Kauli hiyo humchora mtu anayejificha. Lakini mitambo ina saa yake: aliyetafutwa tangu asubuhi, na aliyepigiwa simu mara moja tu nusu saa kabla ya ukurasa kufungwa, wote huandikiwa maneno yale yale. Mwandishi mwadilifu hutaja mhusika alitafutwa lini na mara ngapi.

Si kila kauli ya wakati iliyo na kazi hiyo. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" huondoa utata tu, kwani kwa hesabu ya kale ya Waswahili siku huanza jua linapokuchwa, na "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wake. "Hivi karibuni", kinyume chake, mara nyingi huficha tarehe ambayo mwandishi hanayo, au habari iliyokwisha kuchacha.

Darasani, mwalimu achague habari moja, wanafunzi wafute kauli zote za wakati kwa penseli, kisha waisome tena. Palipobadilika sura ya mtu ilhali maneno yake ni yale yale, watie alama, na watafute kama mwandishi ameeleza kilichotokea katika muda huo.