Mtoto Mgonjwa Ahitaji Dawa na Malezi

Mtoto ni amana. Mungu Mwenyezi amewakabidhi wazazi wamtunze mwili na roho, naye atawauliza habari zake. Amana hiyo haiondoki mtoto anapougua. Hapo ndipo uaminifu wa wazazi hujulikana. Somo hili laeleza kazi ya wazazi ambao mtoto wao mdogo anatibiwa saratani, ugonjwa ambao wengi huuita kansere.

MFANO

Katika kijiji kimoja alikuwako katekumeni pamoja na mkewe. Mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka 5, alianza kuvimba taya upande mmoja. Kwanza walidhani ni jino. Baada ya majuma machache meno yalilegea na uvimbe ukazidi. Jamaa wakakusanyika. Mmoja akasema, "Mtoto huyu amelogwa." Mwingine akamtaja mjane mzee aliyekaa karibu na kisima. Baba akafadhaika, akamwendea katekista.

Katekista akamwambia, "Ndugu yangu, umeahidi kuacha mambo ya wapiga ramli. Kumbuka habari ya yule aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walitaka kujua kosa lilikuwa la nani, la kipofu au la wazazi wake, lakini Bwana wetu Yezu Kristu alilikataa wazo hilo. Mwache mjane na amani yake. Kesho alfajiri mpeleke mtoto kwenye dispensari ya Masista."

Masista walipomwona mtoto, wakamtuma upesi kwenye hospitali ya mji.

UGONJWA HUO NI NINI?

Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyezaliwa Ireland, alifanya kazi Kampala, katika nchi ya Uganda. Mwaka 1958 alitangaza habari za uvimbe huo wa taya za watoto, nao leo waitwa limfoma ya Burkitt. Waonekana zaidi katika nchi za Afrika zenye malaria nyingi, na Kongo ni mojawapo. Mwaka 1964 wataalamu Epstein, Achong na Barr walieleza virusi walivyoviona katika chembe za uvimbe huo. Virusi hivyo huwaingia watu karibu wote, na wengi hawapati madhara makubwa. Lakini malaria ikimrudia mtoto mara nyingi, ulinzi wa mwili hulegea, na pengine chembe fulani za mwili huharibika na kuongezeka bila kiasi. Basi mkono wa mchawi haumo. Tena saratani hiyo haiambukizi. Ndugu zake waweza kulala naye na kucheza naye.

Dawa hutiwa katika mshipa, na nyingine kwa sindano ya mgongoni, kwa awamu kadhaa. Huua chembe mbaya, lakini huzidhuru na zilizo njema. Kwa hiyo nywele hunyonyoka, kinywa hupata vidonda, mtoto hutapika, na nguvu zake za kupigana na vijidudu hupungua. Wazazi wasitishike, wala wasiseme kwamba daktari anamwua mtoto.

HATARI YA KUONDOKA MAPEMA

Uvimbe wa namna hii husikia dawa upesi. Yule mtoto, baada ya awamu ya pili, uso wake ulikuwa kama zamani. Ndipo kaka yake baba alipofika mjini, akasema, "Mtoto amepona. Mbuzi wamekwisha uzwa, shamba la mihogo limeota majani. Rudini nyumbani."

Baba alitamani kukubali. Lakini mama akajibu kwa heshima, "Shemeji, mwenye shamba akikata majani na kuacha mizizi, mvua ya kwanza huyarudisha. Daktari ametuambia kwamba mizizi ingaliko."

Mama alisema kweli. Chembe chache zisizoonekana kwa macho zaweza kubaki, na ugonjwa ukirudi ni mgumu kuliko kwanza. Watoto wengi wamepotea kwa sababu walirudishwa nyumbani uso ukiwa mzuri. Basi wazazi wale wakabaki. Wakristu wa kijiji, waliposikia, wakalima shamba lao kwa zamu. Hiyo nayo ilikuwa dawa.

MALEZI YAENDELEE

Kwanza, ukweli. Siku ya sindano ya kwanza baba alimwambia mtoto, "Twaenda sokoni kununua mandazi." Mtoto alipoona sindano alilia sana, na tangu hapo akakataa kwenda popote na baba, hata kanisani. Mwuguzi akamwonya baba. Naye akajinyenyekeza mbele ya mwanawe, akasema, "Nilikudanganya, mwanangu. Leo ni siku ya sindano. Itauma, nami nitakushika mkono mpaka iishe." Mtoto akalia, lakini akatoa mkono wake. Vivyo hivyo wazazi wasitishe watoto kwa kusema, "Ukikosa adabu, daktari atakuchoma." Mtoto asidhani dawa ni adhabu.

Pili, adabu. Mtoto yule alianza kumtupia mama sahani na kuwatukana wagonjwa wenzake. Mama alinyamaza, akiwaza moyoni, "Huenda atakufa, nimwache." Sista mmoja mzee akamwambia, "Mama, mtoto asiyeonywa tena hudhani kwamba amekwisha achwa." Tangu siku ile mama akapambanua ugonjwa na kosa. Alimwambia, "Kukataa bukari kwa sababu kinywa chauma si kosa, nitakupikia uji. Kumtupia mama sahani ni kosa; utaomba radhi." Alimpa na kazi ndogo: kukunja blanketi lake, na kutia mbegu moja ya maharagwe katika kopo kila siku iliyopita. Mtoto aliyehesabu mbegu alijiona ana kazi katika nyumba yake.

Tatu, ndugu zake. Dada yake, mwenye miaka 9, aliachwa kwa bibi. Aliwaza kwamba ugonjwa ulitoka kwake, kwa kuwa siku moja alimpiga ndugu yake shavuni. Alilia peke yake majuma mengi. Baba aliporudi kuchukua chakula, akamweleza kwamba hana hatia. Watoto waliobaki nyumbani waambiwe mambo waziwazi.

Nne, mwili. Maji ya kunywa yachemshwe, nayo yawe mengi kama daktari alivyoagiza. Mikono ioshwe, chandarua kitumike, mtoto asipelekwe palipo na wagonjwa wa kikohozi au surua. Asichanjwe kwa wembe, asitiwe dawa kwa njia ya haja kubwa, asipewe miti shamba bila daktari kujua. Homa ikipanda, asingojwe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali saa ileile.

ROHO

Kitandani pa jirani alilala msichana mdogo aliyeletwa kwa kuchelewa. Alitibiwa kwa bidii, lakini akafa. Yule mvulana akauliza, "Mama, nami nitakufa?" Mama hakumwapia asilolijua. Akasema, "Sijui, mwanangu. Tunatafuta upone. Nami sitakuacha, na Yezu hatakuacha." Kisha wakawaombea wazazi wa msichana, ambao hawakuadhibiwa na Mungu wala hawakushindwa katika kazi yao, kwani walimpenda mpaka mwisho.

Mvulana alimaliza awamu zote. Nywele zake ziliota tena, naye hurudishwa hospitali kupimwa kila daktari anapomwita. Yule mjane wa kisimani alikuwa wa kwanza kuja kumlaki, na baba akamwomba radhi mbele ya jamaa wote.

MAULIZO

Je, Mkristu akienda kwa daktari, amekosa imani?
La. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chafundisha kwamba daktari na dawa vimetoka kwa Mungu. Mkristu husali na kutumia dawa.

Ni amri zipi zavunjwa na mzazi anayemwacha mtoto mgonjwa kwa wapiga ramli?
Amri ya kwanza, kwa sababu amtafuta mwingine badala ya Mungu. Na amri ya tano, kwa sababu auhatarisha uhai wa mtoto.

Mtoto mdogo asiyebatizwa akiwa katika hatari ya kufa, wazazi wafanye nini?
Waombe abatizwe bila kukawia. Padri akikosekana, mtu yeyote aweza kumbatiza kwa maji na kwa maneno ya Ubatizo, akiwa na nia ya Kanisa.

KUSUDI

Juma hili kila katekumeni amtembelee mgonjwa mmoja, asiende mikono mitupu wala na maneno ya uchawi. Na kama yupo mzazi aliyeko hospitali na mtoto wake, wenzake wapatane siku ya kulima shamba lake.