Tezi ya Shingo na Chumvi ya Jikoni

Tishu ni seli za namna moja zilizoshikamana. Kuna tishu za kuunganisha, kama kano zinazoshika misuli kwenye mifupa. Za tezi hutengeneza mate, maziwa na homoni.

Tezi iliyo mbele ya koo huhitaji madini joto. Ikiyakosa huvimba: ndilo rovu, wala si kurogwa. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto huweza kudumaa, hata kama shingo ya mama haijavimba.

Samaki wa baharini wana madini hayo, lakini Mwamapalala tuko mbali na pwani. Basi tununue chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Tuifunike vizuri, na tuitie mboga inapokaribia kuiva, maana moto huyapunguza. Uvimbe wowote wa shingo uonwe hospitalini. Si kila uvimbe ni rovu.