Eksirei Kutoka Wimbi la Plazima: Nafasi ya Kitenzi katika Kufafanua Sayansi kwa Kiswahili

Utangulizi

Kuna dai la muda mrefu kwamba Kiswahili ni lugha ya hadithi na mashairi, na kwamba kikiingia fizikia kitakwamia kwenye uhaba wa istilahi. Makala haya yanashikilia kuwa mzigo mkubwa wa ufafanuzi wa kisayansi hubebwa na kitenzi. Mfano wetu ni uzalishaji wa eksirei kwa vichapuzi vya elektroni vinavyoendeshwa kwa leza.

Namna eksirei zinavyozalishwa

Kichapuzi ni mtambo wa kuziongezea chembe nishati. Katika vichapuzi vya kawaida, elektroni hupita ndani ya mirija ya metali. Nguvu ya umeme ikizidi kiasi, cheche hutokea; kwa hivyo nishati huongezwa kidogo kidogo katika safari ndefu. Kichapuzi cha Stanford, Marekani, kina urefu wa takriban kilomita 3.

Mwaka 1979, Toshiki Tajima na John Dawson walipendekeza plazima, yaani gesi ambayo elektroni zake zimekwisha kung'oka kwenye atomi. Mpigo mfupi mno wa leza ukipenya plazima, elektroni husukumwa kando. Ioni, kwa uzito wake, husalia mahali pake na kuzivuta zirudi. Zinaporudi hupitiliza, huvutwa tena, na wimbi huzuka nyuma ya mpigo mithili ya mawimbi yafuatayo tezi ya mashua. Baadhi ya elektroni hunaswa na wimbi hilo na kuchukuliwa nalo. Mwaka 2019, watafiti wa Berkeley walitangaza kufikia elektrovolti bilioni 7.8 katika sentimita 20 pekee.

Elektroni hizo hazinyooki njiani, bali huyumbayumba. Chembe yenye chaji ikipinda hutoa mnururisho. Mwendo wake ukikaribia ule wa nuru, mnururisho huo huweza kuwa eksirei. Watafiti nchini Ufaransa walilithibitisha hili mwaka 2004. Kwa kuwa chanzo chake ni cha mikromita chache tu, picha huweza kudhihirisha hata tishu laini ambazo eksirei za kawaida huzionyesha kwa ufifi.

Uchanganuzi

Msomaji azingatie vitenzi vilivyotumika. Kauli ya kutendwa katika "husukumwa" inabainisha kuwa leza ndiyo mtenda. "Hupitiliza" inaeleza kwa nini wimbi linazuka badala ya elektroni kutulia. Uradidi katika "huyumbayumba" unaonyesha mwendo wa kwenda na kurudi, na mwendo huo ndio chimbuko la eksirei. Tungeandika "husonga", sentensi ingekuwa sahihi kisarufi, lakini fizikia yenyewe ingepotea.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, ilhali fizikia ingali inafundishwa kwa Kiingereza. Istilahi ni muhimu na kazi ya kuziunda iendelee. Hata hivyo, wanafunzi wa Kiswahili tusingoje kamusi ikamilike ndipo tuanze kufafanua. Nomino zaweza kukopwa. Vitenzi tunavyo tayari.