Umerithi Macho Makavu? Usifungue Pochi Kwanza

Haya wadogo zangu, leo tuzungumzie macho. Kuna mdogo wangu wa Dar es Salaam kaniandikia ujumbe mrefu. Kutwa yuko kwenye kompyuta, kiyoyozi kinampulizia usoni, na ikifika saa tisa alasiri macho yanachoma, anahisi mchanga ndani. Jioni akipanda bajaji machozi yanamtiririka mpaka abiria wenzake wanamuuliza kafiwa na nani. Mama yake yuko hivyo hivyo, bibi naye alikuwa hivyo hivyo. Sasa shoga yake wa ofisini, anayeuza virutubisho, kamwambia hiyo ni ya ukoo na dawa yake ni vidonge vya mafuta ya samaki, maisha yote. Chupa imeshawekwa mezani, pesa ndiyo bado. "Dada, nichukue?"

Mrudishie chupa yake kwa upole, halafu kaa tuongee.

Kwanza hayo machozi ya kwenye bajaji yasikuchanganye. Jicho kavu hulia sana. Machozi mazuri yana maji, yana ute wa kuyashika jichoni ili jua na upepo visiyabebe, na juu kabisa yana utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasikauke. Mafuta hayo yanatoka kwenye vijitezi vilivyopangwa kwa mstari kwenye kingo za kope, zaidi ya ishirini kwa kila kope. Vikiziba, mafuta yanaganda kama samli ya asubuhi ya baridi, maji yanakauka upesi, jicho linakereka, kisha linamwaga machozi ya dharura ambayo hayakai. Watu wengi wenye macho makavu, shida yao iko hapo kwenye mafuta.

Sasa ukoo. Shoga yako hajakudanganya moja kwa moja. Uingereza walichunguza maelfu ya wanawake mapacha, wanaofanana na wasiofanana, na matokeo yakatoka mwaka 2014: vinasaba vinaeleza karibu asilimia 30 ya tofauti za dalili kati ya mtu na mtu, na kama asilimia 40 ukihesabu wale ambao daktari alishawathibitishia ugonjwa. Sehemu kubwa iliyobaki ni umri, homoni, dawa unazomeza, skrini na hewa unayokaa ndani yake. Kwa hiyo mama kakuachia mwelekeo, ila hicho kiyoyozi hukukirithi kwake. Na ukikutana na mtu anauza kipimo cha mate cha kukuchagulia kirutubisho cha macho, mpite. Kwa macho makavu ya kawaida hakuna kipimo cha vinasaba ambacho madaktari wanakitumia kuchagua tiba.

Kuna jambo moja la ukoo, hata hivyo, ambalo ningependa umuulize mama leo hii kwenye simu. Je, kinywa nacho kinakauka? Anashindwa kumeza mkate bila kusukumia maji? Meno yanaoza ovyo, viungo vinauma, mashavu yanavimba karibu na masikio, uchovu hauishi? Dalili hizo zikikusanyika na macho makavu, daktari anapaswa kufikiria ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliyeueleza kwenye tasnifu yake mwaka 1933. Kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na mate. Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, na katika familia zenye magonjwa ya aina hiyo unajitokeza zaidi. Kuna kipimo cha damu kinachosaidia kuutambua. Nalisema hili kwa msisitizo kwa ninyi mnaotarajia kuzaa: kingamwili moja ya ugonjwa huu, inayoitwa anti-Ro, inaweza kupita kwa mtoto tumboni na mara chache ikaathiri mapigo ya moyo wake. Kliniki ya wajawazito wakijua mapema, wanamfuatilia mtoto.

Tuje kwenye chupa. Mafuta ya samaki yamepimwa kwa haki, tena si mara moja. Marekani, kwenye vituo 27, watu 535 wenye macho makavu waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa miligramu 3,000 za omega-3 ya samaki kila siku kwa mwaka mzima, wengine vidonge vya mafuta ya zeituni, na hakuna aliyejua anameza nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 kwenye New England Journal of Medicine. Wa samaki, asilimia 61 walipata nafuu ya maana. Wa zeituni, asilimia 54. Kitakwimu hiyo si tofauti ya kutegemewa. Mnaona ilivyo? Zaidi ya nusu ya waliomeza mafuta ya saladi walisema macho yao ni afadhali! Ndiyo maana shoga yako anaapa kwamba wateja wake wamepona, na wala hasemi uongo. Mwaka 2022 yakatoka matokeo mengine ya Marekani, watu zaidi ya 23,000, gramu moja kwa siku kwa takriban miaka mitano: vidonge havikuzuia watu kupata macho makavu.

Ukiwa bado una hamu, igeuze hiyo chupa usome mgongoni. Mbele imeandikwa "1000 mg" kwa herufi kubwa za dhahabu. Nyuma, kwa herufi za kuumiza hayo macho yenyewe, vidonge vingi vya kawaida vimeandikwa EPA 180, DHA 120. Hizo mbili ndizo omega-3 zinazotafutwa, jumla miligramu 300. Ili ufikie dozi ya ule utafiti, ambayo yenyewe haikushinda zeituni, ungemeza vidonge kumi kwa siku. Na dozi kubwa si mchezo: zinaweza kuongeza hatari ya moyo kudunda bila mpangilio, na mwenye kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda amwulize daktari wake kwanza.

Samaki mwenyewe ni habari nyingine, mle. Dagaa, vibua, jodari, ni chakula kizuri bila kungoja jicho liume.

Vitamini A nayo inatajwa sana. Upungufu wake kweli hukausha macho na hata kupofusha, na dalili ya mwanzo huwa ni kutoona vizuri gizani. Ndiyo sababu watoto wa chini ya miaka mitano wanapewa matone mara mbili kwa mwaka. Ila wewe unayekula mchicha, maembe, maini na viazi lishe, vidonge havikuongezei kitu, na dozi kubwa kwa mjamzito zinaweza kumdhuru mtoto.

Pesa ya chupa itumie hivi. Nunua machozi bandia, yenye hipromelozi au kaboksimethiliselulosi. Ukiyahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, omba yasiyo na kihifadhi. Usiku chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili, weka juu ya macho yaliyofumbwa dakika tano hadi kumi, ukikichovya tena kinapopoa. Kisha kanda kope taratibu, ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu. Jipe wiki kadhaa. Ofisini geuza kile kiyoyozi, shusha skrini iwe chini ya usawa wa macho, na upepese kope mpaka zikutane, maana tukikodolea skrini tunapepesa mara chache, tena nusu. Kagua na mkoba wa dawa: Piriton, amitriptilini na vidonge vya chunusi vya isotretinoini vyote hukausha macho.

Usinunue dawa ya macho yenye steroidi kwa ushauri wa duka la dawa. Inapoza wekundu ndani ya siku mbili, ukiizoea inaleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Jicho likiuma sana, likashindwa kuvumilia mwanga, au uoni ukafifia, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mwisho umeniuliza kuhusu wanja na kope za kubandika, kwa kuwa harusi ya dada yako ni mwezi ujao. Wanja paka nje ya mstari wa kope, usiingize ndani maana ndipo vijitezi vinapofungukia, na uoshe kabla ya kulala. Kope bandika siku ya harusi, uzibandue usiku ule ule hata kama umechoka kucheza.